Barua ya wazi: Meli ndogo za watalii zikute masharti yameshaandikwa Mafia

Kwa Katibu Mkuu, Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Meneja wa Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC). Na Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya ya Mafia.

YAH: OMBI LA MASHARTI YA MAANDISHI KWA MELI NDOGO ZA UTALII WA VISIWANI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mzaliwa wa Mafia na mwongoza watalii hapa Utende. Kazi yangu ni kuwavusha wageni kwenda Chole kuwatazama popo, Juani kwenye magofu ya Kua, na msimu wa kaskazi kuwapeleka Kilindoni kuogelea na potwe, yule papa mkubwa mpole. Ninawaandikia kuhusu meli ndogo za watalii, zile zinazobeba watu 80, 100 au pengine 180, zenye boti za mpira sitahani na wataalamu wa ndege, kasa na matumbawe ndani, ambazo safari yake yote ni kutoka kisiwa hadi kisiwa kutazama viumbe. Kilwa zimeshatia nanga na abiria wakashushwa kwenda kwenye magofu. Zanzibar zinapita. Aldabra, huko Shelisheli, hakuna uwanja wa ndege wala hoteli, na wageni wake wengi hufika kwa meli za namna hii hii. Sisi tuko kati ya Zanzibar na Kilwa, njiani kabisa.

Sipingi ujio wake. Ombi langu ni kwamba zikifika zikute masharti yameandikwa na kutiwa saini, na yanajulikana kwa nahodha, kwa mwenyekiti wa kijiji na kwetu sisi tunaoshika kamba za boti. Hadi leo sisi wa ufukweni hatujawahi kuonyeshwa waraka hata mmoja unaosema meli ya abiria 100 itie nanga wapi, ishushe watu wangapi kwa mara moja, ichukue mwongozaji kutoka wapi na imlipe nani. Kama waraka huo upo mezani kwenu, naomba utufikie. Kama haupo, naomba uandikwe kabla ya kaskazi ijayo.

Niseme kwanza kwa nini nazitaka meli hizi, maana wapo wenzangu wanaoona ni heri zisije kabisa. Mafia tunaishi kwa maji ya visima. Chini ya kisiwa cha matumbawe maji matamu ni utando unaoelea juu ya maji ya chumvi. Ukivuta kwa pupa, chumvi inapanda, na kisima kilichoingia chumvi hakirudi haraka. Kila hoteli mpya inachimba cha kwake. Meli hutengeneza maji yake kutoka baharini. Haikati mikoko kupata kiwanja, haijengi ukuta ufukweni, haiwashi taa usiku kucha mbele ya fukwe za kasa kama itapangiwa pa kulala. Kwa vijiji kama Jibondo, ambako maji ya kunywa yamekuwa shida ya miaka yote, mgeni asiyegusa kisima ni mgeni wa kushukuriwa.

Lakini mgeni huyo asiyegusa kisima hagusi pia genge la mama lishe. Mgeni wa hoteli anapanda bajaji, ananunua madafu, analala siku nne, anampa kazi mpishi, dobi na mlinzi. Mgeni wa meli amekunywa chai ndani ya meli. Saa mbili asubuhi anashuka kwenye boti ya mpira, anakanyaga mchanga wa Chole, anapiga picha mbuyu na popo, na saa sita yuko mezani kwake tena, anakula samaki aliyepakiwa bandari ya mbali. Mwongozaji wake amekuja naye. Boti ni ya meli. Hata maji ya chupa ameyabeba. Kinachobaki kisiwani ni kile tu ambacho kibali kimesema kibaki, na kibali kikinyamaza hakibaki kitu. Kwa hoteli, hata sheria ikilegea, soko lenyewe humwaga kidogo kijijini. Kwa meli hakuna soko. Kuna kibali tu. Ndiyo sababu karatasi ninayoiomba ina uzito mkubwa kuliko inavyoonekana.

Huenda mtasema wenye meli watakimbia wakiwekewa masharti mengi. Hapo nawaomba mtazame meli hizi hufanya nini miezi mingine ya mwaka. Nyingi ziko Antaktika kuanzia Novemba hadi Machi, na ncha ya kaskazini ya dunia kuanzia Juni hadi Agosti. Ni kati ya misimu hiyo miwili ndipo zinapokatiza bahari za joto kama yetu. Kule Antaktika, ambako hakuna hata mwenyeji mmoja wa kulalamika, kampuni zenyewe ziliungana mwaka 1991 zikaunda chama cha kujiwekea nidhamu, na leo hairuhusiwi watu zaidi ya 100 kuwa nchi kavu mahali pamoja kwa wakati mmoja. Meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu kabisa. Abiria wanasafisha viatu kabla ya kushuka na baada ya kurudi ili wasihamishe mbegu na vijidudu. Wanapangiwa umbali wa kukaa na pengwini. Wafanyakazi walewale, manahodha walewale na boti zilezile ndizo zinazokuja kwetu Aprili na Oktoba. Nahodha aliyezoea kuwaheshimu pengwini hawezi kushindwa kumheshimu potwe, ila ataheshimu kilichoandikwa. Mahali pasipoandikwa kitu, anaamua yeye, kwa kutazama saa na ratiba yake.

Galápagos, visiwa vya Ekwado, wamepita njia hii kabla yetu. Hifadhi yao ya taifa ilianzishwa mwaka 1959, na safari za meli za kutazama viumbe zilianza mwishoni mwa miaka ya 1960. Leo meli ya watalii katika visiwa vile haizidi abiria 100. Hakuna anayeshuka bila mwongozaji mwenye leseni ya hifadhi, na mwongozaji mmoja hukabidhiwa watu wasiozidi 16 hivi. Wanapita kwenye njia zilizowekwa alama, si popote wanapopenda. Tangu mwaka 2012 meli hairudi kwenye kituo kilekile kabla ya siku 14 kupita, ili wageni wasambae na kila mahali papate kupumua. Ada ya kuingia kwa wageni wengi wa nje ilikuwa dola 100, na kuanzia Agosti 2024 ikawa dola 200. Meli hazijahama Galápagos. Nafasi za safari zile ni chache na ghali, na uchache wake ni sehemu ya kinachomvuta mgeni.

Mnaweza kujibu kwamba Mafia si Galápagos. Kweli, hifadhi yetu ina watu ndani yake. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza nchini, ilitangazwa mwaka 1995 juu ya kilomita za mraba 822 ambazo tayari zilikuwa na vijiji, makaburi, mashamba ya minazi na mitego. Wavuvi wetu waliambiwa juya la kukokota basi. Waliambiwa eneo hili ni la ndani kabisa, usivue. Hili ni la matumizi maalumu, uvue kwa utaratibu. Lile ni la matumizi ya jumla. Walikubali kwa shida, wengine kwa kugombana, na baadaye wengine wakawa ndio walinzi. Mvuvi wa Jibondo anajua mstari wake unapita wapi bila kutazama ramani. Sasa huyo mvuvi, ambaye ngalawa yake ikipinduka haiharibu hata tawi moja la tumbawe, amewekewa masharti kwa mita. Haitakuwa haki chombo cha chuma chenye urefu wa mita 90 au 130 kiingie palepale kwa maelewano ya simu.

Naomba mnivumilie nieleze jambo lililotokea Raja Ampat, Indonesia, kwa sababu ndilo linalonifanya nisilale vizuri. Tarehe 4 Machi 2017 meli iitwayo Caledonian Sky ilikuwa imewapeleka abiria wake kutazama ndege katika kisiwa cha Waigeo. Haikuwa meli kubwa. Ilikuwa na abiria 102, ni meli ndogo hasa ya aina ninayoizungumzia, na imejengwa kwa safari hizi. Ilipoondoka ikapanda juu ya mwamba wa matumbawe karibu na kisiwa cha Kri, maji yakiwa yamekupwa. Badala ya kungoja yajae, ikavutwa na tagi, yaani boti ya kukokotea meli, na kule kuvutwa kukasaga zaidi kilichokuwa kimebaki. Tathmini iliyofuata ilitaja mita za mraba 13,500 za matumbawe yaliyoharibiwa. Serikali ya Indonesia baadaye ikataja karibu 19,000. Hivyo ni zaidi ya viwanja viwili vya mpira, katika bahari inayosifika duniani kwa wingi wa aina za matumbawe. Hakuna aliyekusudia. Abiria walikuwa watu wanaopenda ndege. Meli ilikuwa na vyombo vya kisasa. Kilichokosekana ni mtu anayejua mwamba ule maji yakiwa hivi na yakiwa vile, mwenye mamlaka ya kumwambia nahodha asubiri.

Tumbawe la jiwe hukua kama sentimita moja kwa mwaka. Yaliyosagwa pale kwa muda mfupi yalikuwa na umri wa babu zetu.

Sasa tazameni ghuba ya Chole. Mlango wa Kinasi, ambako maji mengi ya ghuba huingia na kutoka, una mkondo ambao wazamiaji huja kutoka mbali kuupanda, na ambao siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, haumsubiri mtu. Ndani ya ghuba kuna mafungu ya mchanga, majani ya bahari na bustani za matumbawe zilizotawanyika, na rangi ya maji hubadilika kila baada ya hatua chache za kasia. Manahodha wa Utende, Chole na Jibondo wanaisoma rangi hiyo. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto, matumbawe mengi ya Tutia, kusini mwetu, yalikufa yakabaki mifupa meupe. Yaliyostahimili, na yaliyorudi taratibu, ndiyo mtaji wetu. Nanga ya meli moja na mnyororo wake ukizungushwa na upepo usiku kucha hufagia sakafu ya bahari kwa duara zima. Haihitaji kupanda mwamba ili iharibu. Inahitaji kulala tu mahali pasipostahili.

Kwa hiyo ombi la kwanza, na kwangu ndilo zito kuliko yote: meli yoyote ya watalii isiingie ghuba ya Chole. Itie nanga nje, kwenye mchanga uliopimwa na kuwekwa alama, au ifungwe kwenye boya lililowekwa na Hifadhi kwa gharama za wenye meli. Zipo meli mpya zinazoweza kusimama mahali pamoja kwa mitambo na setilaiti bila kushusha nanga kabisa. Zitumie uwezo huo. Na kabla haijakaribia maji ya Hifadhi, impandishe rubani mwenyeji wa kuiongoza meli, mtu wa huku aliyefunzwa na kupewa cheti na TASAC, anayelipwa ujira wa rubani na si posho ya kuonyesha njia. Manahodha wa kufunzwa tunao. Vijana wanaojenga na kuendesha majahazi Chole na Jibondo wameyajua maji haya tangu wakiwa hawajaanza shule. Wanachokosa ni cheti na kiingereza cha redio, na vyote viwili vinafundishika.

Kutoka nje ya ghuba abiria waletwe kwa boti za mpira, lakini kila boti iwe na mtu wetu mmoja. Ufukweni wasizidi idadi ambayo kijiji kimekubali. Chole ni kisiwa kidogo sana. Watu 100 wakishuka pamoja, njia ya kwenda kwenye magofu inajaa, watoto wanaacha darasa, na popo wanaamka mchana. Popo wale wa matunda, ambao mabawa yao yakikunjuliwa ni kama ya ndege mkubwa, hulala mchana kwenye miti ileile kwa miaka na miaka kwa sababu watu wa Chole wamewaacha walale. Hawakuwapigia kelele, hawakuwakatia miti. Droni moja ikipita juu yao wote wanaruka juani, akina mama wakiwa na vichanga vyao vimewang'ang'ania tumboni. Droni zipigwe marufuku Chole, kwa maandishi.

Nikija kwenye potwe, kuna pengo ambalo naamini mnalijua. Maji ya Kilindoni wanakokula kuanzia Oktoba hadi Machi hayamo ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Bahari. Tunafuata miongozo ya hiari: usimguse, usimzibe njia, usiruke juu yake. Kwa boti zetu chache miongozo hiyo imefanya kazi kiasi, ingawa siku za wageni wengi hata sisi tunabanana, na sitaficha kwamba ninaona wenzangu wakisogea karibu kuliko inavyofaa ili mteja apate picha. Meli ikishusha boti 10 za mpira kwa mpigo, hiari itakuwa imekwisha. Ningaloo, Australia, ambako nao wanaogelea na potwe, sheria inasema watu wasizidi 10 majini kwa samaki mmoja, wakae mita 3 mbali naye, na chombo kimoja tu ndicho kiwe karibu naye kwa wakati mmoja. Hatuna haja ya kubuni upya. Tuichukue, tuiandike kwa Kiswahili, tuipe nguvu ya sheria ndogo ya Halmashauri kama sheria ya hifadhi haifiki kule, na askari wa doria apewe boti na mafuta ya kusimamia. Potwe ni samaki mpole anayekula vijidudu na dagaa juu juu ya maji, palepale wavuvi wetu wanaporusha nyavu. Mahali hapo pameshasongamana. Panahitaji mpangaji zamu, na mpangaji huyo awe Kilindoni, si ndani ya meli.

Juani tuna mfano mzuri wa namna utalii mdogo unavyoweza kukaa vizuri na viumbe. Kwa miaka mingi sasa wanakijiji wamekuwa wakitembea fukwe za mashariki alfajiri kutafuta nyayo za kasa. Anayeripoti kiota analipwa kidogo, na analipwa tena kiota kikiangua salama. Wageni huja siku ya kuangua, wanachangia, wanasimama pembeni, vifaranga vinashuka baharini. Kabla ya hapo mayai yale yalikuwa kitoweo. Ukimuuliza mzee wa Juani kwa nini yalinusurika atakwambia bila kupepesa: kwa sababu kasa aliye hai alianza kumlipia ada ya shule mjukuu wake. Meli zikija, zisiubomoe mpango huo kwa kushusha watu usiku na tochi kwenye fukwe ambazo hazina msimamizi. Wageni wa meli wapangiwe siku kama wageni wengine, na kiota kisipokuwa tayari siku ya ratiba yao, waondoke bila kukiona. Kasa hafuati ratiba ya meli.

Kuna mambo mawili mtaalamu wa ofisini huyaona haraka kuliko sisi, nami nayagusa tu. Moja ni uchafu. Mkataba wa kimataifa wa MARPOL unairuhusu meli kumwaga maji ya choo yaliyosagwa na kuuliwa vijidudu ikishavuka maili 3 za baharini kutoka nchi kavu, na yasiyosafishwa ikishavuka maili 12. Mkataba unapima umbali kutoka ardhini; haujui Tutia wala majani ya nguva kati yetu na delta ya Rufiji. Ndani ya Hifadhi na katika mlango wote wa Mafia kisimwagwe kitu, hata kilichosafishwa. Pili ni wageni wasioalikwa: panya, mbegu, wadudu. Kunguru waliojaa Zanzibar na Dar es Salaam leo ni wa ukoo wa wale walioletwa Zanzibar miaka ya 1890, na wanaojua shida yake hawahitaji maelezo yangu. Brashi na ndoo ya maji ya dawa mlangoni mwa boti si gharama.

Mafuta ni jambo jingine, na hapo siwezi kupita haraka. Januari 2001 meli ya mafuta iitwayo Jessica ilikwama San Cristóbal, Galápagos. Ilikuwa imebeba dizeli ya matumizi ya visiwa, pamoja na mafuta mazito yaliyokuwa ya kupelekewa meli ya watalii. Mkondo na upepo viliyachukua mengi baharini, na watu walishukuru kwamba visiwa vimenusurika. Mwaka uliofuata watafiti waliowahesabu mijusi wa baharini katika kisiwa cha Santa Fe, kisiwa kilichoguswa na mafuta kidogo tu, walikuta asilimia 62 wamekufa. Na mwaka 2020, katika bahari yetu hii hii ya Hindi, meli ya mizigo Wakashio ilipanda mwamba Morisi na kumwaga karibu tani 1,000 za mafuta kwenye matumbawe na mikoko. Morisi ni nchi yenye uwezo, na bado watu wake walijaza majani ya miwa kwenye magunia na nguo kutengeneza vizuizi kwa mikono yao. Mafia tuna nini ghalani? Nauliza nikiwa nataka jibu. Meli inayotumia mafuta mazito isipewe kibali cha kukaribia Hifadhi. Itumie mafuta mepesi, na iwe na bima inayotaja matumbawe kwa jina. Na vifaa vya kuzuia mafuta viwekwe Kilindoni, si Dar es Salaam, kwa sababu mafuta hayatasubiri kivuko.

Sasa fedha. Galápagos, sheria yao ya mwaka 1998 iliandika ndani yake ada ya mgeni itagawanywa vipi: asilimia 40 kwa hifadhi, asilimia 20 kwa manispaa za visiwa, na mafungu mengine kwa hifadhi ya bahari, karantini na doria. Haikuachwa kwa barua za kila mwaka. Na sisi ada ya kila abiria wa meli ilipwe kabla hajashuka, kwa idadi ya walio kwenye orodha ya meli na si ya waliokanyaga mchanga. Sehemu ya kijiji iandikwe kwa asilimia ndani ya kibali chenyewe. Kila meli ikiondoka, karatasi moja ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji: jina la meli, idadi ya abiria, kiasi kilicholipwa, kiasi cha kijiji. Mkutano mkuu wa kijiji ndio uamue kama fedha inaenda zahanati, tangi la maji ya mvua au boti ya doria. Nimekaa kwenye mikutano hiyo. Ugomvi mwingi unaotokea pale hautokani na uchache wa fedha. Unatokana na kutojua ni kiasi gani kilikuja.

Na meli ilazimike kununua. Samaki wa siku hiyo, nazi, machungwa, mikeka ya ukili, vyote kutoka kwa vikundi vilivyosajiliwa na Halmashauri. Mpishi wa meli atasema hawezi kumpikia mgeni samaki asiye na cheti cha ubaridi. Basi Wizara, ambayo ndiyo yenye uvuvi, itusaidie tupate barafu na cheti hicho. Kazi hiyo mnaiweza, na itawafaa wavuvi hata siku ambazo hakuna meli.

Waongozaji wawe wa huku, kwa kila kundi la watu wasiozidi 12 au 16, hata kama meli ina profesa wake. Profesa atawaeleza popo ni wa jamii gani na wanapatikana Komoro pia. Mwongozaji wa Chole atawaeleza kwa nini mti ule haukukatwa, kaburi lile ni la nani, na kwa nini Ijumaa adhuhuri hawashuki. Wageni wenyewe, kwa ninavyowajua, ndicho wanachouliza wakishamaliza kupiga picha. Ramadhani kijiji kiwe na haki ya kusema hapana bila kueleza sababu, na mavazi yaelezwe kabla mtu hajapanda boti.

Waheshimiwa, haya yote hayahitaji sheria mpya ya Bunge. Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994 imeshawapa mamlaka ya kutengeneza kanuni, TASAC ina mamlaka juu ya usalama wa vyombo, na Halmashauri inatunga sheria ndogo. Kinachotakiwa ni ofisi zenu nne kukaa meza moja, Kilindoni au Utende, na wenyeviti wa vijiji vilivyomo ndani ya Hifadhi wakiwa wameketi mezani hapo na si nyuma ya ukumbi. Mkitaka waongoza watalii na manahodha tutakuja bila posho. Tunaomba tarehe ya kikao hicho itangazwe, na rasimu ya masharti ibandikwe vijijini angalau mwezi mmoja kabla ya kupitishwa, ili na akina mama wanaopiga pweza kwenye miamba wapate kuisoma na kuisema. Hadi masharti yapitishwe, tunaomba kibali cha meli yoyote ya watalii kuingia ghuba ya Chole kisitolewe.

Wenu katika kuitunza bahari,

Mwongoza watalii,
Utende, Mafia.

Nakala:
Ofisi ya Mkuu wa Wilaya, Mafia
Wizara ya Maliasili na Utalii
Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC)
Wenyeviti wa vijiji vya Chole, Juani, Jibondo na Utende (naomba isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji)